Wa Ngapi? Hotuba kwa Wazazi na Walimu Siku ya Kufunga Shule

Hotuba hii niliitoa mwezi Desemba, kwenye mkutano wa wazazi wa kufunga mwaka. Mvua iliwazuia wengi wa ng'ambo ya mto, na waliokosa wameniomba niiweke yote. Naiweka kama nilivyoisema, isipokuwa pale bati lilipopiga kelele tukanyamaza wote.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Na ninyi watoto mliojipanga dirishani mkidhani siwaoni, nawaona. Bakini hapo hapo, yanawahusu.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na kwa kuwa nilimfundisha yeye na nikawafundisha wanawe, ananijua. Ameshaweka saa mezani.

Nina swali. Mzazi ukikabidhiwa ripoti ya mwanao, jicho lako linakimbilia wapi? Kwenye Kusoma? Kwenye Kuhesabu? Kwenye mahudhurio? Acheni kutazamana. Linakimbilia chini kule, penye mstari wa "nafasi ya ... kati ya ...". Ukitoka getini unakutana na jirani, naye anakuuliza, "Wako amekuwa wa ngapi?" Unajibu, "Wa kumi na mbili." "Hongera!" Mazungumzo yameisha. Wa kumi na mbili kwa kujua nini? Kwa kushindwa nini? Hilo hakuna anayeuliza, na mimi nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi, nawaambieni, walioniuliza nawahesabu kwa vidole.

Jambo langu leo ni moja. Mtoto wa darasa la kwanza, la pili, la tatu, ripoti yake imweleze mzazi anachoweza kufanya na kile ambacho bado hakiwezi. Namba ya foleni haielezi hivyo, hata ingekuwa namba moja.

Kuna bibi mmoja, simtaji, alikuwa akilea mjukuu wa darasa la tatu katika shule moja ambayo pia siitaji. Ripoti ya Juni ikaja: wa 7 kati ya 118. Bibi akachinja jogoo. Mnacheka, lakini jogoo alichinjwa kweli, na paja nilikula mimi. Haikupita muda bibi akaugua, akaenda zahanati, akapewa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Macho yake hayasomi tena. Akamwita msomi wake: "Mjukuu wangu, nisomee, nimeze ngapi?" Mtoto akaishika bahasha. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akasema, "Bibi, meza vitatu." Bahasha ilikuwa imeandikwa kidonge kimoja, mara tatu kwa siku.

Bibi akameza vitatu kwa mkupuo. Mungu saidia, zilikuwa dawa za kawaida, alilala usingizi mzito akaamka. Lakini nauliza: yule mtoto alikuwa wa saba kwa kufanya nini?

Nilikwenda kuomba karatasi zake za mtihani nizione. Maswali mengi yalikuwa ya kuchagua herufi. Mwalimu, kwa huruma, alikuwa amelisomea darasa maswali kwa sauti, kwa kuwa alijua wengi hawasomi. Mtoto alikuwa na masikio mazuri na kumbukumbu nzuri, akachagua. Na wenzake 111 waliokuwa nyuma yake walikuwa wamepata chini ya hapo. Basi. Hakuna aliyedanganya. Hesabu ilijumlishwa sawasawa, nafasi ilipangwa sawasawa, muhuri ukagongwa. Kila kitu kilikuwa sahihi, na bibi akameza vidonge vitatu.

Wazazi, hebu tupige hesabu ndogo pamoja. Tuseme karatasi ina maswali 40, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Mtoto asiyejua hata "a" akisiliba tu, huku na huku, kwa wastani anaokota 8. Nane za bure! Akiwa anajua machache kidogo, na jirani yake dawati moja anajua machache mengine, wanafika kumi na tano. Kwenye ripoti inasomeka kama mtoto anayejikongoja. Huwezi kujua kutoka kwenye ile namba kama anajikongoja kusoma, au anajikongoja kubahatisha.

Msifikiri ni hadithi ya bibi mmoja. Mwaka 2010 Uwezo, mpango uliokuwa chini ya shirika la Twaweza, walianza kupita nyumba kwa nyumba hapa nchini. Hawakwenda shuleni, walikwenda nyumbani, wakamkalisha mtoto mkekani wakampa karatasi: soma silabi hizi, soma maneno haya, soma aya hii, soma hadithi hii. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kiwango cha darasa la pili, kwa Kiswahili, lugha wanayotukania na kuombea radhi. Katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, walioweza kuisoma walikuwa kama watatu. Na watoto wale wale walikuwa na ripoti nyumbani. Kila mmoja alikuwa wa ngapi fulani.

Mwaka 2012 tukasikia nchi nzima kwamba zaidi ya watoto 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Wamefaulu mtihani wa darasa la saba! Mmesahau kelele za mwaka ule? Mimi sijasahau, kwa sababu tulioulizwa tulikuwa walimu wa darasa la kwanza. Serikali ikafanya jambo la maana: kuanzia 2015 darasa la kwanza na la pili wakapunguziwa mzigo wa masomo, muda mwingi ukaenda kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala ukabadilika. Fomu ya ripoti je? Katika shule nyingi nilizopita, fomu ya ripoti ilibaki ile ile, na mstari wa nafasi ukabaki pale pale.

Sasa niwapeleke ndani ya darasa, kwa sababu huku ndiko kwenye utamu.

Mwalimu, naomba chaki. Asante. Naandika hapa: 42 − 17. Jibu? Ishirini na tano, vizuri, na yule baba aliyesema thelathini na tano ngoja kidogo, nakuja kwako, usione aibu.

Nimewapa swali hili watoto wanne. Wa kwanza ameandika 35. Wa pili ameandika 59. Wa tatu ameandika 24. Wa nne ameacha wazi. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu anafanyaje? Mkasi, mkasi, mkasi, mkasi. Wote sifuri. Kwenye orodha ya nafasi hawa wanne wamefungana.

Lakini watazameni. Aliyeandika 35 ameona 2 na 7 kwenye mamoja, akaona kutoa 7 kwenye 2 hakuwezekani, akageuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Kisha 4 toa 1, 3. Mtoto huyu ana akili, ana utaratibu, na kila hesabu ya kukopa atakosa kwa njia hiyo hiyo mpaka atakapokufa, kama hakuna atakayemkalisha chini na vijiti kumi vilivyofungwa kamba, akafungua fungu moja mbele ya macho yake. Dawa yake ni vijiti. Baba, na wewe pia.

Aliyeandika 59 amejumlisha. Anajua kujumlisha vizuri sana! Hakuitambua alama ya kutoa, au hakuiangalia. Huyu vijiti havimsaidii. Huyu umwonyeshe alama mbili, umwache azisome kwa sauti kabla hajaanza hesabu. Kazi ya siku moja, mbili.

Aliyeandika 24 anajua kila kitu. Amekopa, ametoa, ameteleza mahali pa mwisho. Huyu muache aende akacheze mpira.

Na aliyeacha wazi? Huyu nilimfahamu kweli, wengine watatu nimewachanganya kutoka madaftari mengi. Mtihani ulikuwa umeandikwa ubaoni, kwa kuwa shule haikuwa na karatasi wala wino wa kudurufu. Mtoto alikaa dawati la nyuma kabisa. Nilimwita mbele, nikamwandikia swali lile lile kwenye daftari langu, akalijibu nikiwa bado nashika kalamu. Hakuwa anauona ubao. Muhula mzima hakuna aliyejua, maana ripoti yake ilisema wa 90 na kitu, na maoni ya mwalimu wa darasa yakasema: ongeza juhudi.

Aongeze juhudi katika nini? Katika kuona?

Wazazi, "ongeza juhudi" mnayajua maneno haya. Inueni mikono ambao hamjawahi kuyaona kwenye ripoti ya mtoto. Sioni mkono. Wa kwanza anaambiwa ongeza juhudi, wa mwisho anaambiwa ongeza juhudi, na wa katikati anaambiwa anajitahidi, aongeze juhudi. Walimu wenzangu, siwasemi kwa ubaya. Najua ilivyo kuandika ripoti 118 usiku mmoja kwa taa ya simu huku mwalimu wa taaluma anazidai kesho saa mbili. Mkono unaandika wenyewe. Ila tukubaliane kwamba mzazi anapeleka nyumbani karatasi isiyomwambia la kufanya.

Akina mama mliokaa mbele hapa, nawaulizeni ninyi. Mlipokuwa mnapeleka watoto kliniki, nesi alimtundika mtoto kwenye mzani, sivyo? Alikuambia, "Leo mwanao amekuwa wa 14 kati ya watoto 60"? Hata siku moja! Alichukua kadi, akaweka nukta, akaiunga na nukta ya mwezi uliopita, akakuonyesha mstari unapanda, umelala, au unashuka. Ukiwa umelala, akakuuliza anakula nini, amekuwa akiharisha, kisha akakuambia cha kufanya. Mtoto alilinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, na kile ambacho mwili wa umri ule unatakiwa ufikie. Ulitoka pale ukijua la kufanya jioni ile ile. Halafu mtoto huyo huyo anafika miaka sita, anakuja kwetu sisi wasomi, tunachukua kadi tunaitupa, tunampa namba ya foleni.

Nimeona mwalimu mmoja wa darasa la kwanza aliyefanya kama nesi. Alikuwa na watoto zaidi ya 90, mkondo mmoja, chumba kimoja. Kila asubuhi, wenzao wakifagia na kumwagilia bustani, alikuwa anawaita watano mezani kwake, mmoja mmoja. Soma hapa. Alikuwa na daftari la kaunta lenye mistari, jina la mtoto na safu tano: silabi, neno, sentensi, aya, hadithi. Akisoma silabi vizuri, alama ndogo. Akikwama kwenye silabi za konsonanti zaidi ya moja, kama mba, nda, kwa, nywa, anaandika pembeni "nywa". Dakika mbili, mwingine. Watano kwa siku, siku ishirini za shule kwa mwezi. Amewamaliza wote, anaanza tena. Hakuhitaji karatasi ya kudurufu, hakuchangisha mtu shilingi, hakuandika mtihani. Na ukimwuliza habari za mtoto yeyote, alifungua daftari akakujibu: huyu maneno anasoma, sentensi bado, kwenye koma hapumziki.

Nasema hakuchangisha mtu kwa makusudi. Tuna jaribio la wiki, jaribio la mwezi, mtihani wa nusu muhula, mtihani wa ujirani mwema wa shule za kata, mtihani wa muhula. Kwa darasa la nne na la saba, ambao Baraza la Mitihani linawasubiri mwisho wa mwaka, naelewa. Kwa mtoto wa darasa la pili? Siku za mtihani hakuna kufundisha, siku za kusahihisha hakuna kufundisha, na karatasi zikirudi, kama zinarudi, hakuna anayekaa na mtoto kumwonyesha 35 imetoka wapi. Afisa Elimu Kata yupo hapa, ananisikia, ataniita ofisini. Nitakwenda.

Sasa namna tunavyoyatangaza hayo matokeo.

Mnajua paredi ya kufunga shule. Darasa zima limepanga mistari jua la saa nne, mwalimu anasoma kuanzia wa kwanza. Kumi bora wanapita mbele, makofi, daftari na kalamu za zawadi. Halafu anaendelea kusoma. Wa 50. Wa 80. Wa 110. Makofi yameisha, sasa ni kicheko. Wa mwisho akitajwa watoto wanaitikia wote, "Mkiaaa!" Nilimjua mtoto aliyeitwa hivyo akiwa na miaka minane. Alipofika darasa la tano bado ndilo jina lake, hata walimu wapya walidhani ni jina la ukoo. Kila wiki ya mtihani tumbo lilimuuma, na lilimuuma kweli, alikuwa anatapika. Mama yake alimpeleka kupima minyoo.

Siku hizi paredi imehamia kwenye simu. Mwalimu anapiga picha orodha nzima, majina na alama, anairusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Wazazi 100 wanaona kwamba mtoto wa fulani amepata 6 ya Kuhesabu. Shangazi yuko Mwanza naye anaiona. Mtoto mwenyewe hajaambiwa bado! Na orodha ile haifutiki. Itakaa kwenye simu za watu mpaka mtoto huyo aoe.

Wakubwa wenyewe wameshaliona hili. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, lilisema limeacha utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora, kwamba hauna tija. Wale ni vijana wa miaka 17, 18, wamekomaa. Kama imeonekana haina tija kwa kijana mwenye ndevu, sisi tunaendelea kumpanga foleni mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota kwa sababu gani?

Kuna mzazi aliniambia wiki iliyopita, na najua wengi mnafikiri hivyo: "Mwalimu, ukiondoa namba, watoto watalegea. Maisha ni mashindano." Naliheshimu neno hilo. Mashindano yana raha yake, na mtoto wa darasa la sita ukimwambia ashindane na mwenzake wa dawati atakesha. Lakini utazameni huo mtihani mkubwa tunaowaandalia. Darasa la saba wanafanya masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Ukipata 121 mpaka 180 ni C, na C ni kufaulu. Kuanzia 181 B, kuanzia 241 A. Je, mmeona mahali palipoandikwa nafasi? Watoto wote wa shule hii wakipata 241, wote ni A. Wote wakipata 100, wote D, na yule wa kwanza kati yao ni D pia, hata kama alipigiwa makofi kwenye paredi miaka yote saba. Ukiacha nafasi chache za shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na wenzake, mtoto wako anashindana na kiwango. Jirani yake hamzuii kitu.

Majirani zetu Kenya waliufanya mtihani wao wa kumaliza darasa la nane, KCPE, kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwepo tangu 1985, na miaka yake ya mwisho ulikuwa wa alama kati ya 500. Katika mtaala wao mpya mwalimu anaandika kama mtoto amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini ya matarajio. Nina ndugu Taita, nikamwuliza mnaonaje. Akaniambia wazazi wakipewa hiyo karatasi wanamvuta mwalimu pembeni: "Haya, lakini kati yao amekuwa wa ngapi?" Kwa hiyo sidhani kwamba tukibadilisha fomu leo, kesho kila kitu kitanyooka. Na "anakaribia matarajio" peke yake inaweza kuwa "ongeza juhudi" iliyovaa suti. Kinachotakiwa ni yale maneno ya kwenye daftari la kaunta: nywa bado, koma hapumziki.

Na haraka ipo. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja. Mwaka mzima umeondolewa, ule ambao mtoto aliyechelewa kusoma alikuwa anautumia kujivuta. Tukigundua akiwa darasa la tano kwamba hasomi, tumebaki na muda gani?

Basi naombeni haya.

Walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu: nafasi itoke kwenye ripoti kuanzia muhula ujao. Nimeshazungumza na Mwalimu Mkuu, hakukataa. Alisema nilete kwenye mkutano, ndiyo nimeileta. Mahali pake iandikwe mistari mitatu. Nitasoma mfano, niliuandika jana: "Anasoma maneno ya silabi tatu bila kusita. Sentensi ndefu anazikatiza na kubahatisha neno la mwisho. Nyumbani asome kwa sauti kurasa mbili kila jioni, mtu akimsikiliza." Hivyo tu. Kwa watoto zaidi ya 90, mkiwa na daftari la watano kwa siku, mistari hiyo mtakuwa nayo tayari, mnainakili tu. Bila daftari hilo hamtaweza, nakubali, na mtarudi kwenye ongeza juhudi.

Wazazi mliokwisha wahamishia watoto shule za Kiingereza na bado mmekuja kunisikiliza, ahsanteni. Waulizeni walimu wa huko, ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza na anayelea mtoto ni bibi yake, inasomwa na nani?

Nanyi wazazi wote. Msiseme hamjasoma, hamwezi kumsaidia mtoto. Kusikiliza hakuhitaji cheti. Mpe kitabu, mpe pakiti ya unga, mpe bahasha ya dawa, asome. Akisita mahali, usimpige, kesho mwambie mwalimu amesita wapi. Baba aliyekuja na jibu la thelathini na tano ameniambia kwa ishara kwamba amelielewa, nimefurahi.

Orodha kwenye WhatsApp iachwe leo. Hilo halihitaji muhula. Kila mzazi atumiwe ya mwanawe, au aje aichukue mkononi na akae na mwalimu wa darasa dakika tano. Paredi itabaki, zawadi zibaki, watoto wanazipenda. Apewe daftari aliyetoka silabi akafika hadithi, hata kama bado ni wa mwisho.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiza dakika mbili, nazirudisha kwa wasikilizaji, maana yule mama wa kilemba cha bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja kuondoa nafasi, na uso wake si wa kukubaliana nami. Simama mama, sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.